Timu Isiyo na Mvivu

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Sisi wazima, timu ndiyo mgonjwa. Nimepewa ukocha wa netiboli hapa kwenye kiwanda cha nguo, na tumefungwa tena, safari hii na walimu wanaocheza na miwani! Meneja kasema tukishuka daraja anavunja timu, kiwanja kiwe maegesho ya malori. Wewe umefundisha mabingwa. Hawa wenzangu hawajitumi, au hawana kipaji?

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, nami najifanya sisikii. Kipaji ni kisingizio cha wavivu! Wakimbize alfajiri kabla ya zamu, jioni warushe mipira mpaka mikono iwaume. Barua hii wasomee, wanijue mimi ni nani. Atakayenuna, mpe salamu zangu.

Mjomba wako

29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole na mvua. Barua zako nawasomea kabla ya mazoezi, hakuna anayekohoa. Alfajiri wanakuja wote, hata yule wa idara ya kupiga pasi nguo, mwenye mtoto mchanga. Anamlaza kwenye boksi la mashati. Mfungaji wetu, Mnara, anarusha mpira peteni hadi giza linaingia. Bado tunafungwa tu. Imebaki mechi moja, tukifungwa tumekwisha. Njoo uone mwenyewe, mimi nimechoka.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Vipi, usingizi umerudi tangu siku ile ya mechi? Mimi nilifika nyumbani salama, ila kalamu ilikuwa nzito. Nilikuja kumsaka mvivu, sikumpata. Mnara alikimbia hadi filimbi ya mwisho, na kila mpira ukagonga chuma. Wamekupa vyote walivyonavyo, mwanangu, na havitoshi. Wangekuwa wavivu ningejua pa kuanzia. Hili sina dawa yake. Waache wapumzike.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Afya tunayo, tunashukuru. Malori yameshaanza kulala kiwanjani. Leo alfajiri nilikwenda kuchukua nguzo za pete, nikawakuta wote wamevaa jezi, wanauliza mjomba kaandika nini. Nikaifungua barua yako mbele yao. Nikasoma kwamba umesema tuongeze bidii.

Mnara alipiga makofi. Wakaanza kukimbia, wakipita katikati ya malori, na roho iliniuma sana. Nguzo nikaziacha pale pale.

Mpwa wako