Wamenivika Ushangazi Ili Ninyamaze

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nimekosa wa kumwambia na moyo umejaa nyongo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Masaka, na mwezi uliopita tulimzika shangazi yetu Nagitta, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, bibi aliyepita miaka tisini na bado alikuwa akipalilia migomba yake mwenyewe, akitafuna buni zake, na kila Jumapili akifungua redio kukusikiliza wewe na kukubishia kwa sauti mpaka majirani wanacheka. Alifiwa na mume mapema, akarudi kwao, akalea wadogo zake na watoto wa wadogo zake, na mimi ndoa iliponishinda nikarudi na mtoto mgongoni, alifungua mlango akasema, “Ingia, ndizi ziko motoni, habari za mwanaume tutazisema ukishashiba,” na tangu siku hiyo naishi kwake.

Sasa kuna baba yangu mdogo, Kalibbala, kitinda mimba wao, ambaye shangazi alimbeba mgongoni mama yao alipokufa. Anataka kumwoza binti yake Nanteza, wa miaka kumi na tisa, kwa mzee mmoja mwenye mashine za kukoboa kahawa, mwenye wake wawili na wajukuu. Unajua kwetu mchumba hapokelewi mpaka shangazi wa binti amshike mkono katikati ya wageni, aseme huyu ndiye, na shangazi alikataa katakata. Kalibbala alikuja akambembeleza, “Dada, wewe simama tu kidogo, mengine niachie mimi.” Shangazi akamjibu, “Mdogo wangu, nikimshika mkono mzee yule, watu watadhani amekuja kunichumbia mimi.” Tulicheka mpaka machozi, ila Kalibbala hakucheka, alitoka akisema hiki kikongwe kitatuzika sote, na hakukanyaga tena hapa, hata shangazi alipolala kitandani akimuulizia.

Siku ya mazishi ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alilia, Mama, alilia kuliko sisi tuliomwogesha, akasema dada yangu alikuwa mama yangu, alikuwa mpole, alikuwa mtii, na nikasimama pale nikimsikiliza akieleza maisha marefu yote yale bila hata neno moja alilowahi kutamka mwenyewe. Mtii! Nilitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti, ila nilitazama chini.

Ukafika wakati wa kumchagua mrithi wake. Mabinti zake wa kuzaa hawawezi, wao ni wa ukoo wa baba yao, na wote tulijua ni binamu yangu Nakalema, aliye mkubwa. Kalibbala akasema, “Nakalema ana mdomo. Tumchukue mwalimu, ana heshima zake.” Basi wakanifunga nguo ya gome, wakanipa kisu cha mrithi, wakaniambia kuanzia leo wewe ndiye Nagitta, na wazee ambao asubuhi niliwapigia magoti wakanisalimu “Ssenga,” yaani shangazi, na Nanteza, ambaye ni mdogo wangu, nikawa shangazi yake. Kabla gome halijakunjwa, Kalibbala akaja anatabasamu, “Haya dada yangu, mwezi ujao tuna wageni. Utasimama, sivyo?” Na mimi mjinga, kwa mazoea ya miaka yote, nikajibu, “Ndiyo, baba.”

Mama, nikisimama nitakuwa nimemtemea mate marehemu. Nikikataa watanivua cheo na kunitoa kwenye nyumba hii, kwa kuwa ni ardhi ya ukoo, nami nina mtoto wa kulea. Nimewaza siku hiyo niugue, au nisafiri. Nifanyeje?

Ssenga Mpya, Masaka.

*

Ssenga, pole sana kwa msiba. Marehemu nitamkosa, afadhali msikilizaji anayenibishia kuliko anayeitikia kila kitu. Sasa futa machozi nikukaripie kidogo.

Ule ugonjwa unaopanga kuugua, achana nao. Watamsimamisha Ssenga wa kuazima, na utakapopona utakuta binti ameshaondoka. Na hiyo “ndiyo, baba” irudishe haraka. Baba gani? Yeye mwenyewe anakuita dada. Kalibbala alikuchagua akidhani anafunga mdomo, kumbe mbele ya ukoo mzima amekukabidhi mdomo pekee aliokuwa akiuogopa. Hawawezi kukuita Nagitta wakati wa kusimama, halafu wakakuita mtoto wakati wa kukataa.

Kuhusu nyumba sitakudanganya, wanaweza kukusumbua. Nenda kwa mkuu wa ukoo wewe mwenyewe, kabla Kalibbala hajafika huko na maneno yake, na umchukue Nakalema, huyo mwenye mdomo, mwende pamoja. Watu waliokuvika gome mchana kweupe wataona haya kukuvua kwa sababu ya mzee wa mashine za kahawa.

Lakini kuna kitu kimeniudhi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kalibbala nimemsikia, marehemu nimemsikia, wewe na uchungu wako nimekusikia mpaka masikio yanauma. Nanteza sijamsikia popote. Mmoja anamwoza, mwingine anamkatalia, mnavutana juu yake kama hayupo, na wewe shangazi yake hukumwita ukamketisha. Hilo halikuletwa na Kalibbala, mama. Hilo ni lako.

Mwite leo. Muulize, kisha nyamaza umsikilize. Akisema anamtaka, mweleze bila kuficha maisha ya mke wa tatu yalivyo, halafu uamuzi umwachie, hata ukikuchoma. Akisema hamtaki, kesho yake nenda kwa Kalibbala umwambie wazi, kabla hajaalika mtu. Akikaidi akaalika, vaa gomesi yako nzuri kuliko zote, uketi mbele kabisa ambapo kila mtu anakuona. Wageni wakifika, msemaji akiita shangazi asimame amshike mchumba mkono, wewe baki umeketi.