Chupa Chini ya Khanga

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na shamba la kijiji mmemaliza kupalilia? Najua unasoma mbiombio ukimtafuta Baba, basi nakwambia mapema: yu hai, anakula, na amekwishaanza kuulalamikia ugali wa hospitali.

Wiki iliyopita tulitishika. Kwa ule mkojo uliokuwa umeziba, walimwekea mpira unaouteremsha kwenye mfuko unaoning'inia chini ya kitanda. Akapata nafuu siku hiyohiyo. Wakamwanzishia na vidonge vya presha, ikishuka wampasue. Ikashuka, Mama, ikapitiliza! Alisimama aende dirishani akaanguka, na homa juu yake. Habari ilinikuta kwenye duka letu la ushirika. Foleni ya sukari nikaiacha vilevile.

Kuna daktari kijana anayefanya utafiti juu ya mipira hiyo na dawa za presha. Hupita kitanda kwa kitanda akiuliza maswali.

"Mzee, kuna dawa nyingine unatumia?"

Baba akakaza macho. "Mimi nakunywa maji tu, mwanangu."

Kumbe Shangazi Somoe, unamjua kwa haya zake, kila wageni wakija huupandisha ule mfuko kitandani na kuufunika khanga, kaka yake asiaibike. Muuguzi akaifunua khanga ili aushushe mfuko. Pembeni akaikuta chupa yako ya mizizi, imebaki nusu.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini daktari hakufoka. Alisema mfuko ukipandishwa, mkojo hurudi ndani na uchafu wake, na huenda homa imetoka huko. Mizizi nayo huenda inashusha presha kama vidonge. Vikikutana, mtu anaanguka.

"Katengeneza nani?" akauliza.

Shangazi akanong'ona, "Mkewe."

"Basi mwambieni huyo mama kwamba mzee anapona. Ila dawa yake ipumzike kwanza."

Usihuzunike, Mama, hakuna anayekulaumu. Nakuomba tu uniandikie haraka ni mizizi ya miti gani, hata kwa majina ya kwetu, usiache hata mmoja. Daktari anataka kujua kabla ya kumpasua. Homa imeondoka, presha imetulia, na mimi nina matumaini makubwa. Shangazi sasa anaulinda ule mfuko kama askari wa zamu. Mgeni akiusogelea, anafukuzwa.

Nisalimie Bibi mzaa baba, Mjomba Hamisi balozi wetu wa nyumba kumi, na mdogo wangu Zainabu na wanafunzi wake wazee wa kisomo.

Jana Baba aliiomba ile chupa. Dawa iliyobaki daktari alikwishaichukua akaichunguze, kwa hiyo akarudishiwa tupu. Ameiweka karibu na mto.

"Baba, ya nini sasa? Haina kitu."

Akanitazama kama vile mimi ni mtoto asiyeelewa. "Ya mama yako hiyo."

Mwanao akupendaye,
Halima