Rangi ya Jeans kwa Ndege ya Mbao

Alhamisi, Xiaobei, Guangzhou. Jua limetoka baada ya siku nne za mvua, na nguo nilizoanika dirishani zimekauka kabla sijamaliza chai.

Leo nimebadilisha rangi ya ndege ya mume wangu. Naandika yote, hata yanayoniaibisha.

Baba Amina ni seremala kule Voi. Huu ni mwaka wa nne anaunda ndege ya mbao kwenye karakana yake, na muda wote huo mimi nimekuwa nikiiita kabati. Mwezi uliopita alinipigia simu: mbao ameshazipiga msasa, imebaki rangi. Akaniomba nichague mimi, maadamu niko Guangzhou.

Nilifurahi, sisemi uongo. Nilipokwenda Xintang kufuata mzigo wangu wa jeans, nikakata kipande cha suruali ya buluu iliyokolea karibu na weusi, nikampelekea muuza rangi za boti aichanganye ifanane. Ndege nzima buluu, na mstari wa chungwa ubavuni kama uzi wa jeans. Baba Amina akajibu, "Nzuri sana." Nikaagiza. Sisi wanunuzi wa huku tuna ugonjwa mmoja: tukishapenda sampuli, hatuulizi tena.

Asubuhi nimekwenda kuchukua makopo. Laoban, yaani bosi wa duka, alipoona picha ya ndege kwenye simu yangu akatikisa kichwa kwamba haifai. "Bu xing, my friend! Wood, no!" Akaweka vibao viwili mlangoni juani, kimoja cheupe, kingine cha buluu yangu. Baada ya nusu saa akaniambia nivishike. Cheupe kilikuwa vuguvugu. Cha buluu kiliniunguza kiganja. Kwa simu yake ya kutafsiri akanieleza kwamba mbao zimeshikwa na gundi, na gundi ikipata joto hilo hulegea.

Na hilo ni jua la Guangzhou. La Voi je?

Nikamtumia Baba Amina ujumbe wa sauti, nimefura: fundi mzima hajui mambo ya gundi? Jibu lake nimelisikiliza mara tatu.

"N'lijua, Mama Amina. Lakini miaka yote hii, hapo ndipo umejishughulisha nayo mara ya kwanza. Ningekataaje? Ningeiweka kivulini, niwe naruka alfajiri tu."

Nikakaa kwenye ngazi za duka nikalia, watu wanapita.

Ukweli ni huu: sikuuliza habari za jua kwa sababu sikuamini kwamba itatoka nje ya karakana. Nilichagua rangi ya kitu cha kutazamwa tu. Yeye alikuwa tayari kupanda nayo angani.

Nimechukua nyeupe. Mstari wa chungwa umebaki, mwembamba. Makopo yameshafika kwa wakala wa mizigo, kwenye jengo la Tianxiu.

Jioni nimemuuliza swali ambalo mke mwingine angeuliza siku ya kwanza: hiyo ndege ina viti vingapi?

Viwili, amesema. Vilikuwa viwili tangu mwanzo.