Moto wa Nje

Québec, 12 Novemba 2023

Mama mupendwa,

Jambo yako, jambo ya Papa. Kifua chake kinaendelea namna gani? Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Barua hii naituma kwa simu ya dada Grâce. Ataiandika kwa karatasi pale Kasongo na kumupa motari, mwenye pikipiki, anayekuja Wamaza.

Mutoto amezaliwa, ana siku ishirini. Ni mwanaume. Tumemupa jina la Papa: Gérard. Placide, baba yake, alitaka tumwite hivyo mara moja, mimi nikakataa. Sasa tunasema "mutoto" tu, mpaka Papa mwenyewe aseme amelipokea.

Placide anashinda kwa ng'ombe za watu, akirudi analala na viatu. Kwa hiyo moto ni kazi yangu. Nyumba yetu ya huku haina moto ndani. Tanuru yetu iko nje, hatua makumi tatu kutoka mulangoni, kajumba ka mabati na bomba la moshi. Naingiza magogo, yanachemusha maji, maji yanapita kwa mabomba chini ya udongo mpaka ndani, ndipo tunapata joto. Naulisha asubuhi na jioni. Lakini kila mara asubuhi nakuta umekufa, na mikono ya mutoto iko baridi kama samaki ya mutoni. Papa amechoma makala, makaa ya kuuza, maisha yake yote. Umuulize: moto unalazwa namna gani mpaka asubuhi? Natuma na picha ya tanuru, Grâce ataitoa kwa karatasi.

Mutoto wako,
Estelle

Wamaza, 3 Desemba 2023

Estelle mutoto wangu,

Salamu kwako, kwa bwana yako, na kwa mugeni wetu. Anyonye sana.

Nilipoona picha nilikaa chini. Moto uani, moshi, viti viwili kando, na wewe umejifunga kitambaa kichwani. Umesahau kwetu moto wa nje ni moto wa kilio? Muzazi mwenye mutoto muchanga, moto wake unakaa ndani, karibu na mukeka, hata jirani haombi kaa mpaka kitovu kianguke. Nani amekufa huko? Usinifiche.

Papa yako amecheka mpaka akakohoa. Anasema hivi: "Kuni kavu tupu ni mulafi, inakula na kuondoka. Avute makala mbele, aweke gogo moja nene nyuma, afunike na majivu, afunge mulango." Juu ya jina, anasema lile si neno la kujibu mutu akiwa amelala. Ungojee mpaka aweze kukaa.

Alama ya kidole chake iko hapa chini, kama siku zote.

Mama yako

Québec, 10 Desemba 2023

Mama,

Unasikia namna gani? Na Papa, anakula?

Hakuna aliyekufa. Kitambaa ni cha baridi, viti ni vya wenye shamba. Placide amecheka, anasema ulikuwa unamuzika akiwa mezani anakula.

Neno la Papa limefanya kazi. Tangu Alhamisi, asubuhi nafungua mulango wa tanuru na makala yananiangalia, mekundu. Theluji inanifika magotini, mutoto nimemufunga mugongoni ndani ya koti, namwonyesha: hii ni ya babu yako.

Karatasi yako, Grâce ameipiga picha, nimeiangalia sana kwenye simu. Kidole cha Papa, cheusi kwa makala, na ule mustari katikati, pale shoka lilimukata nikiwa mudogo. Naweka kidole cha mutoto juu yake.

Mama, uliniambia nisikufiche. Na wewe usinifiche. Mimi ni muzazi, lakini si mutoto tena.

Mutoto wako,
Estelle

Wamaza, 18 Februari 2024

Estelle mutoto wangu,

Habari ya siku nyingi. Tuko wazima. Mvua imeharibu njia, ndiyo sababu tumekawia. Papa anakusalimia, anapumuzika. Kula sombe, majani ya muhogo, kama unaipata, maziwa yaongezeke. Usifikiri mambo mengi. Samahani kwa maandishi, niko uani na moshi unaniingia machoni.

Kidole cha Papa kiko hapa chini.

Mama yako

Québec, 23 Februari 2024

Mama yangu,

Sikuulizi habari. Habari umenipa.

Kile kidole hakina mustari. Ni kidogo, ni laini. Kidole cha Papa ndicho kilichonipangusa machozi, ningekosaje kukijua? Na jiko lako liko ndani ya kibanda, Mama. Uani unafanya nini na moto?

Najua kwa nini. Wamama wamekuambia muzazi asisikie habari ya kifo, maziwa yatakauka. Nimemupigia dada Grâce. Alilia, na hayo yakanitosha. Tangu siku ile mutoto ananyonya na maziwa yapo. Yanatoka pamoja na machozi, lakini yanatoka.

Sikukasirikii. Nakuomba lakini: usiniache nje ya kilio cha papa yangu. Nimetoa kiti kimoja, nakikalia kando ya tanuru kila asubuhi nikishaweka gogo. Wenye shamba wanafikiri naota jua. Niambie siku mutakayozima moto wenu, na mimi nizime wangu saa ile ile.

Mutoto wako,
Estelle

Wamaza, 9 Machi 2024

Estelle wangu,

Pole, mutoto wangu. Pole kwetu sote. Papa yako alituacha tarehe 2 Februari, asubuhi, nikimunywesha uji.

Moto wa hapa tumeuzima jana, tumefagia majivu. Wako usizime. Sisi tulikuwa tunaota moto wa mufu. Wewe huko unalisha moto wa mutoto, hata kama uko nje. Kiti rudisha ndani.

Wiki moja mbele ya kufa aliomba nimuinue, akakaa. Akaomba kaa lililozimika na karatasi, akakandamiza kidole. Akasema, "Hii ni ya Gérard. Mwambie nimekaa." Sikuituma. Niliona nikiituma, baada yake sitakuwa na kingine cha kutuma.

Ndiyo hii karatasi. Nimeandika juu, chini, penye kidole chake, sikugusa.

Mama yako