Neno la Watu Wawili

Dada yangu,

Natumaini goti lako limepata nafuu. Huku kwema, shemeji yako anakusalimu, na ile pasi uliyonipa bado inachapa kazi.

Alhamisi nina usaili kwenye shule ya bweni inayoendeshwa na wageni. Wanataka mke na mume: mke afue nguo, mume alinde lango, nao watawapa nyumba ya vyumba viwili. Maswali yote ni ya Kiingereza, basi jirani yangu mwalimu ananinoa kila jioni huku napiga pasi. Amekazania neno moja tu, "wii", yaani sisi. Anasema nilivute kama ninayemwita mtu aliye mbali, nisilikate kama kikohozi. Kulivuta nimeweza, dada. Kulitumia ndiko kunanishinda. Akiniuliza mnaishi wapi, mnakula saa ngapi, ulimi unateleza unasema "ai". Mimi naishi. Mimi nakula.

Jana aliweka kalamu chini. "Mama, hawa wanaajiri watu wawili. Huyo mwenzako yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kazini, na papo hapo nikaunguza kola ya shati la watu.

Kama kuna kazi ya mtu mmoja huko kwako, niulizie kabla ya Alhamisi.

Na ile salamu ya shemeji yako hapo juu usiipokee. Nimeiandika kwa mazoea. Miezi minne sasa hajalala hapa.

Ni mimi,
kitindamimba wenu