Nafasi Moja ya Kurudi Rongai

Kambi ya Pareto, Mirihi

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Na mwalimu anayekusomea namsalimu, ila asiruke mistari kama alivyoruka kwenye ile barua ya shangazi. U mzima? Mguu bado unakusumbua? Mimi ninapumua, basi.

Najua ulinitafuta. Siku ile nilipompelekea kaka Kamau chakula, pale chombo cha angani kiliposimama ndani ya shimo la Menengai, nyapara alikuwa anahesabu wafanyakazi arobaini wa bwana. Mmoja alikuwa ametoroka. Nyapara akanishika mkono, akanipa kipande cha kazi cha yule mtoro, akanisukuma ndani, mlango ukafungwa. Mpaka leo kwenye orodha ya bwana mimi naitwa Mwangi. Nahodha, Kiprop wa kule Molo, alinisikia nikipiga kelele. Akasema saa ya kuruka imefika, akaruka.

Nilimchukia, mama. Miezi saba ya safari sikumjibu salamu. Alikuwa ananiletea maji yake ya kunywa, nami nampa Kamau. Siku moja akaniuliza, "Wewe utanikasirikia mpaka lini?"

"Mpaka unirudishe kwa mama yangu."

Kisha akasema, "Ni haki yako. Mimi nilikosa, ningefungua ule mlango." Mtu mzima na kofia yake, analia mbele ya wachuma pareto! Tangu hapo kununa kukanishinda.

Huku hakuna mvua. Tunachuma pareto ndani ya nyumba za kioo, na nje ni vumbi jekundu tu, linaingia kifuani. Tumezika watu sita. Kamau anakohoa damu tangu mwezi uliopita.

Sasa chombo kinarudi huko kuchukua watu wengine, na kina nafasi moja tu ya abiria. Kiprop ameniwekea mimi. Jana alikuja akasema, "Wambui, nakurudisha kwenu. Halafu nitaleta wazee wetu, kama utakubali." Nikamwambia sikutaki, mpeleke Kamau. Nilisema uongo, mama. Nampenda mpaka naona aibu. Lakini angejua hivyo asingeniacha hapa hata kidogo, na ndugu yangu angebaki afe. Akaondoka ameinamisha kichwa. Kamau atakuja naye. Mpe uji, usimlaze karibu na moshi.

Barua hii ataileta Kiprop mwenyewe. Nimeishona kwa uzi, hajui kilichomo. Msimfukuze kwa kuwa si Mkikuyu, wala kwa ajili ya ule mlango. Hilo nimemsamehe. Unajua kwetu wazee hawagusi pombe ya posa mpaka msichana aionje kwanza, nami sitakuwapo. Kwa hiyo nimeonja huku huku kwa kikombe changu cha bati, nikakifunga kitambaani pamoja na barua. Baba mdogo akiuliza msichana yuko wapi, mwonyeshe hicho.

Kwenda na kurudi ni zaidi ya mwaka. Kifua changu nacho kimeanza kuwasha, sijui kama kitangoja.

Nisalimie baba mdogo, dada Nyambura na watoto wake, na yule jirani mkamua ng'ombe wa bwana.

Mwalimu akimaliza kusoma, mtazame Kiprop aliyeketi hapo. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba nimemkubali. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Ni mimi binti yako,
Wambui