Kaseti ya Mama mu Konjelateri

Kolwezi, tarehe 4 Mei 2024

Yaya Blandine,

Jambo sana. Mugongo inapoa? Batoto bako bazima? Huku baridi imeanza, lakini tunashukuru Mungu.

Kaseti ya mama ilifika na treni. Najua ni hii moja tu yenye sauti yake, naishika kama yayi ya kuku. Lakini iko na kelele, shiii, shiii. Gael, mwenzangu wa kazi ya sono, vyombo vya muziki, aliniambia siri: weka nyaya za ampli mu konjelateri, ile sanduku ya barafu, siku tatu, sauti itatoka safi. Niliweka zangu kwa Mama Shekina, katikati ya samaki yake ya kuuzisha. Yaya, ajabu! Sauti imefunguka! Sasa nafikiri kuweka kaseti pia, mbele ya siku ya kumaliza kilio ya mama, tarehe moja Juni.

Mudogo wako, Mechack

Lubudi, tarehe 9 Mei

Mechack mudogo wangu,

Jambo. Mugongo ingali inauma, na barua yako imeniongezea maumivu ya kichwa. Koma! Ulisikia ajabu sababu ulitaka kuisikia. Ita Tata Edouard wa korali ya kanisa, akupe mugongo, asijue unapiga muziki na nyaya gani. Kiisha uniambie.

Lakini kaseti, hapana! Kule mwisho wa wimbo mama anatuita majina, mumoja mumoja. Nakuomba, usiiguse.

Yaya wako

Kolwezi, tarehe 20 Mei

Yaya,

Jambo. Mugongo je? Mi niko muzima kidogo.

Tata Edouard alinipa mugongo, nikapiga mara kumi. Mara alisifu nyaya za konjelateri, mara zile zingine. Kiisha akakasirika: "Mwana, ni ile ile! Unanipotezea asubui!" Mi pia nilijigeuza, Gael akapiga. Sikusikia tofauti hata kidogo. Ni uwongo tupu, yaya, baridi haisaidii kitu.

Tutaonana siku ya kilio.

Mudogo wako

Lubudi, tarehe 24 Mei

Mechack,

Leo sikuulizi afya. Umeandika nyaya, nyaya, nyaya. Kaseti iko wapi?

Yaya wako

Lubudi, tarehe 5 Juni

Mudogo wangu Mechack,

Jambo. Unakula? Unalala? Barua yangu haukujibu.

Jumamosi, mu kaseti, mama aliimba muzuri. Akaniita mimi, akamuita kaka yetu Ngoy, kiisha bande ya kaseti ikakwama, kimya. Batu balisema kura ya umeme imekatika. Mi nilikuona unatoka inje na mikono kichwani. Gael aliniambia yote: uliiweka mu konjelateri mbele ya barua yangu kufika, na ulipoitosha mu barafu, maji ikaingia ndani.

Nilikasirika sana. Njia yote ya kurudia nilikutukana mu roho. Sasa nimechoka kukutukana.

Siku ile ya kurekodi nilikuwa pale, nawe ulikuwa mu mugongo ya mama. Kiisha jina ya Ngoy, aliimba hivi:

"Mechack, mutoto wangu wa mwisho, ulizaliwa mu baridi ya mwezi wa saba, nikakufunika na kikwembe yangu. Baridi isikukute tena."

Yaya wako